Nani Atakwenda Naye Mbale?

Somo: 2 Timotheo 1:15-18 na 4:16-17

Wapendwa katika Bwana, ninyi mlioko Kyaka II na nyumba zote zinazosoma karatasi hii,

Nawasalimu kutoka Wanyange, nje kidogo ya mji wa Jinja. Baada ya kumaliza chuo cha Biblia kanisa lilinituma huku, nizichunge zile familia zetu chache zilizotoka kambini kutafuta kazi na shule. Kama mnavyojua, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kukaa nje ya kambi, lakini ukitoka unaacha nyuma shamba lako na mgawo wako, unajitegemea. Sisi huku ni nyumba 11 tu. Tunasali katika chumba cha kupanga. Ukipanda kilimani unaliona Ziwa Victoria lote limetandazwa, na ukifuata barabara kuu kidogo tu unaingia kwenye miwa ya Kakira. Ni mahali pazuri. Lakini uzuri wa mahali hauondoi ugeni. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Leo nitaanza na habari ya mpira wa miguu. Najua wazee wengine watakunja uso, maana hata mimi nilikuwa nakunja uso. Nivumilieni mpaka mwisho.

KOSA LANGU

Katika nyumba zetu 11 iko nyumba ya mama mjane. Mume wake alibaki Kongo, na kaburi lake hakuna anayelijua. Mama anauza mandazi na samaki wakavu kando ya barabara. Mwana wake wa kwanza, kijana wa miaka 19, ni kipa wa timu ndogo ya huku kwetu. Jina la timu siliandiki, kwa maana hata nikiliandika hamtalijua. Chini ya Ligi Kuu ya Uganda iko ile inayoitwa Big League, chini yake ziko ligi za mikoa, na chini zaidi ziko za wilaya. Basi teremka ngazi hizo mpaka uchoke, ndiko utawakuta hao vijana. Jezi zao hazilingani rangi. Kocha ni fundi wa baiskeli. Mshahara hakuna, basi la timu hakuna.

Wakicheza nyumbani watu wanakuja, kwa sababu uwanja uko jirani na kiingilio ni bure. Wakienda ugenini wanakwenda peke yao, yaani wachezaji, kocha, na mtu mmoja wa kubeba maji.

Siku moja kijana huyu alikuja kwangu baada ya ibada. Akasema, "Pasta, Jumapili ijayo tunacheza ugenini. Nakuomba uje."

Nikamwuliza, "Jumapili?"

Akajibu, "Ndiyo, Pasta, jioni."

Nikamweleza kwamba mtumishi wa Mungu haachi madhabahu akakimbilia mpira. Nikamtajia na mistari miwili ya Biblia ili asiwe na la kujibu. Akasema, "Sawa, Pasta," akaenda zake. Nami wiki ile niliandaa mahubiri mazuri sana juu ya yule kondoo mmoja aliyepotea, na mchungaji aliyewaacha 99 akaenda kumtafuta. Watu walisema amina nyingi.

Jumapili ile timu ilifungwa 5 kwa 0. Lakini magoli siyo yaliyomwumiza. Kikundi cha vijana wa mji ule walijipanga nyuma ya goli lake, na kwa muda wote wa mchezo walimwita mkimbizi, wakamwambia arudi kwao, wakamwuliza chakula cha watu kina utamu gani. Ninyi mnaojua mpira mnafahamu kwamba kipa husimama peke yake. Wenzake wanakimbia mbali katikati ya uwanja, hawasikii anayoambiwa. Yeye alisikia yote. Usiku alirudi juu ya lori la ndizi, na Jumapili mbili zilizofuata hakuonekana kanisani.

Ndipo mama yake akaja. Alikaa kwenye benchi, akafunga kitenge chake vizuri, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Baba Pasta, sikuja kulalamika. Nakuja na swali tu. Sisi wote hapa ni wageni. Mtoto wangu akienda kucheza kwa watu anakuwa mgeni mara mbili. Baada ya wiki tatu wanakwenda Mbale. Nani atakwenda naye Mbale?"

Sikuwa na mstari wa kumjibu.

MTU MMOJA KUTOKA EFESO

Usiku ule nilifungua waraka wa pili kwa Timotheo, nikasoma maneno ambayo chuoni tuliyapita haraka kwa sababu tulikuwa tunatafuta mafundisho makubwa. Paulo yuko Rumi, amefungwa minyororo. Katika sura ya 1 mstari wa 15 anasema kwa uchungu kwamba watu wa Asia walimwacha, na wawili anawataja kwa majina. Katika sura ya 4 anasimulia kwamba siku ya kwanza aliposimama kujitetea hakuna aliyesimama pamoja naye, wote walimkimbia, naye anaomba wasihesabiwe hatia.

Katikati ya majonzi hayo linatokea jina la mtu mmoja, Onesiforo. Huyu alikuwa mtu wa Efeso. Hatuambiwi kwamba alihubiri, wala kwamba alifanya muujiza. Tunaambiwa mambo kama haya. Alimburudisha Paulo mara nyingi. Hakuionea haya minyororo yake. Na alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata.

Hebu tulitazame neno hilo la kutafuta. Kutoka Efeso mpaka Rumi ilikuwa safari ndefu ya bahari na nchi kavu. Rumi ulikuwa mji mkubwa kuliko yote ya wakati ule. Mfungwa hakuwa na bango mlangoni. Onesiforo alilazimika kuuliza kwa askari, na kila alipouliza alijitangaza mwenyewe kuwa rafiki wa mfungwa. Angeweza kubaki Efeso akimwombea Paulo kila asubuhi, na maombi hayo yangekuwa mema. Lakini Paulo alihitaji kuuona uso wa mtu wa kwao katika mji ambao watu hawamjui.

Wapendwa, mimi nilikuwa mtu wa kubaki Efeso. Nilimwombea yule kijana. Kumfuata sikumfuata.

SAFARI

Nililipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa. Mzee mmoja alipinga, na alikuwa na haki, maana kukodi takisi kwenda Mbale na kurudi ni shilingi 25,000 kwa kila mtu, na hiyo ni unga wa siku nyingi kwa nyumba yenye watoto. Mwingine akauliza habari ya Jumapili. Tulijadiliana kwa saa mbili. Mwishoni tukapatana kwamba ibada ya siku ile ianze saa 12 asubuhi na kwisha saa 2. Asiye na nauli asilazimishwe. Mwenye nayo na asiyeweza kusafiri ampe mwenye nguvu za kusafiri. Mama mjane alileta sarafu zake za mandazi zimefungwa katika kitambaa, na mzee yule aliyepinga ndiye aliyezihesabu. Alipomaliza kuhesabu akaongeza za kwake.

Basi tukajaa abiria 14 kama takisi inavyoruhusiwa, yaani wazee wawili, akina mama watano, vijana sita na mimi. Tulibeba ngoma ya kwaya, viazi vitamu vya kuchemsha, na dumu la maji.

Kwa ninyi msioijua njia hii, kutoka Wanyange mpaka Mbale ni karibu kilomita 150. Unapita Bugembe na miwa ya Kakira, unafika Iganga, kisha pale Nakalama unaiacha barabara ya Tororo na kushika ile ya Tirinyi. Unapita Namutumba, halafu nchi inalala chini, yanaanza mabwawa ya mto Mpologoma na mashamba ya mpunga. Kijana mmoja akatueleza kwamba mpologoma kwa lugha ya huku ni simba. Mzee wetu akachungulia dirishani, akauliza, "Huyo simba mwenyewe yuko wapi?" Tukacheka sote. Lakini mimi nilikumbuka kwamba Paulo, baada ya kusema wote walimwacha, anasema Bwana alisimama karibu naye akamtia nguvu, naye akaokolewa katika kinywa cha simba. Nikajiuliza Bwana alisimamaje karibu naye katika gereza lile. Huenda mara nyingine Bwana alisimama kwa miguu ya Onesiforo.

Baada ya Kamonkoli unaona mbele yako ukuta wa mlima Wanale, na Mbale imekaa chini yake. Tulifika saa 6 mchana. Mechi ilikuwa saa 10.

MBALE

Uwanja ulikuwa wa shule, nyasi kidogo na vumbi jingi. Watu wa pale walikuwa mia kadhaa. Sisi tulikuwa 14. Kijana wetu alikuwa anapasha mwili moto pamoja na wenzake. Alipoona akina mama wanateremka na ngoma, alisimama. Kisha akaufunika uso wake kwa glavu zake. Nadhani mnaelewa.

Tulikwenda kukaa nyuma ya goli lake. Maneno ya kumdhihaki yalianza mapema, kwa vijana wachache, kama kule kwingine. Hatukuwajibu. Mama mmoja aliipiga ngoma na tukaimba, basi. Sauti 14 haziwezi kuzima sauti za mamia. Lakini nyuma ya goli, pale ambapo masikio ya kipa yapo, sauti 14 zinatosha.

Mzee mmoja wa Mbale alikuja akaketi karibu nasi. Nilidhani amekuja kutufukuza. Akatuuliza tumetoka wapi, nikamwambia, na sikuficha kwamba sisi ni wakimbizi. Akasema, "Karibuni, wageni wetu." Akawageukia vijana wale, akawaambia maneno machache kwa Kigisu, nao wakasogea upande mwingine. Kisha akatusimulia habari za Mbale Heroes waliochukua Kombe la Kakungulu mwaka 1999, na jinsi mji ulivyofurahi. Na akatusimulia habari za Julai mwaka 2022, pale mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika usiku, ikaua watu zaidi ya 20 na kuharibu nyumba nyingi. Akasema, "Tangu siku ile mimi simcheki mtu aliyekimbia bila viatu." Ndugu zangu, tulikwenda tukidhani tunaingia kwa adui, na Mungu alikuwa na mtu wake pale akitungoja.

Sasa mtauliza, matokeo je? Tulifungwa 2 kwa 0.

Goli la kwanza lilikuwa la kawaida. La pili lilikuwa kosa lake mwenyewe, mpira wa kona ulimponyoka mikononi mbele ya watu wote. Alilala kifudifudi na hakuinuka. Uwanja ukacheka. Hapo mama yake akasimama, akaenda mpaka karibu na wavu, akamwita kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo baba yake alimpa na ambalo hakuna mtu mwingine wa huku anayelijua. Alimwita mara moja tu, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula. Kijana akainuka. Baada ya hapo alizuia mipira mitatu ambayo hata mimi nisiyejua mpira niliona kwamba ilikuwa magoli.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa alikuja kwetu moja kwa moja. Nyuma yake ilikuja timu nzima, na hilo hatukulitazamia. Nahodha wao ni Msoga, mzaliwa wa huku, siyo mkimbizi. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pasta, tangu nianze kucheza timu hii, ni mara ya kwanza mtu kutufuata ugenini."

Nilinyamaza. Tulidhani sisi peke yetu ndio tusio na watu. Kumbe hao wenye nchi nao walikuwa wanakwenda kila mahali bila mtu, nasi tulipomfuata mmoja wetu tuliwafuata 11. Yeremia 29:7 inatuagiza kuutakia amani mji ambao tumehamishiwa na kuuombea. Nilikuwa nimeihubiri aya hiyo mara nyingi, lakini jioni ile niliiona imevaa jezi yenye matundu.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Sauti ya wachache ina kazi.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipovifunga viwanja, ligi kubwa za Ulaya zilirudi kuchezwa bila watazamaji. Ujerumani, iliyokuwa ya kwanza kurudi kati ya hizo, watu waliona ajabu. Timu zilizocheza kwao hazikushinda tena kama zilivyozoea. Uwanja ulikuwa ule ule, nyasi zile zile, goli lile lile. Kilichopungua ni watu. Na hata kanuni za mpira zilikiri kwa miaka mingi kwamba ugenini ni pagumu, kwa maana katika mashindano ya vilabu ya Ulaya, timu mbili zikilingana, goli lililofungwa ugenini lilihesabiwa kuwa na uzito zaidi, mpaka kanuni hiyo ilipofutwa mwaka 2021. Ikiwa waandishi wa kanuni za mpira walijua kwamba mtu aliye ugenini anahitaji kuhesabiwa zaidi, sisi tuliokaa ugenini miaka yote hii tunangoja nani atufundishe?

Usiseme, "Nikienda nitasaidia nini? Mimi si daktari, si mwanasheria, Kiingereza sijui." Yule mama hakujua kanuni hata moja ya mpira. Alijua jina la mtoto wake.

2. Tusimlilie mtu aliye hai kana kwamba amekufa.

Wazee wetu wa Kongo mnakumbuka mwaka 1974. Mwezi wa tatu, huko Misri, Zaire ilichukua Kombe la Afrika, na Ndaye Mulamba akafunga magoli 9 katika mashindano yale, hesabu ambayo mpaka leo hakuna aliyeifikia. Nchi nzima iliwashangilia. Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, wakafungwa 2 na Uskoti, 9 na Yugoslavia, na 3 na Brazili. Waliporudi, shangwe ilikuwa imekwisha.

Miaka ilipita. Mwaka 1994 Ndaye alipigwa risasi mguuni na watu wenye silaha, na baadaye akakimbilia Afrika Kusini. Akawa mkimbizi kama wewe na mimi, akaishi katika umaskini pembeni mwa Cape Town. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, habari zilienea kwamba amekufa, na uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kumkumbuka. Kumbe alikuwa hai! Alikufa mwezi wa kwanza mwaka 2019, miaka zaidi ya 20 baada ya kusimamiwa kimya.

Siwalaumu waliosimama siku ile, maana waliambiwa hivyo. Lakini naogopa nikifikiri kanisani kwetu. Tuna watu ambao tunawataja kwa huruma katika maombi, "Tumkumbuke mama fulani, hali yake ni ngumu," na tunafumba macho, tunanyamaza dakika moja, halafu tunakwenda kula. Naye mama yuko hai, nyumba ya nne kutoka kanisani. Onesiforo hakusimama kimya kwa ajili ya Paulo. Alimtafuta.

3. Ugenini wetu ni mwingi kuliko wa mpira.

Kati yetu si wengi wanaocheza mpira. Lakini kila wiki kuna mtu wetu anayekwenda kucheza ugenini. Kuna baba anayeitwa kwenye intavyuu ya faili lake, atakayeulizwa tena habari za usiku ule alioomba asiukumbuke. Kuna msichana anayekwenda hospitali ya mbali kujua majibu. Kuna mtoto anayeanza shule ambayo hakuna anayejua lugha yake. Kuna kijana aliyekamatwa na polisi kwa sababu karatasi yake imekwisha muda. Kuna mjane anayezika mtu wake katika makaburi ya watu. Hapo ndipo Mbale yetu ilipo.

Sisi huku tumefanya jambo dogo, nawaeleza ili nanyi muone kama linafaa kwenu. Nyuma ya daftari la kanisa tumefungua ukurasa. Yeyote anayekwenda mahali pagumu anaandikwa siku na mahali, na chini yake wanaandikwa watu wawili wa kwenda naye. Masharti ni manne tu. Fika mapema. Usiseme kwa niaba yake isipokuwa amekuomba. Beba maji na kitu cha kutafuna, maana foleni ni ndefu. Na usiondoke mpaka amalize, hata kama ameshindwa. Hasa kama ameshindwa. Mtu aliyepata hati yake atajua njia ya kurudi nyumbani akicheka. Aliyenyimwa ndiye anayehitaji mtu wa kukaa naye ndani ya gari.

NISIELEWEKE VIBAYA

Sijageuka kuwa mhubiri wa mpira. Bado nawaambia vijana kwamba kubeti kunazila nyumba zetu, na fedha ya unga isipelekwe kwenye zile karatasi. Bado sipendi pombe ya viwanjani na matusi. Na ibada ya Jumapili haifutwi, maana ninyi mnajua kwamba siku ile tuliamka mapema kuliko siku zote. Lakini nimetubu kwa jambo moja, nanyi ni mashahidi wangu. Nilifanya madhabahu kuwa mahali pa kujificha. Kijana aliniomba niende naye, nami nikamjibu kwa mistari.

Nimemwomba msamaha mbele ya kanisa. Alicheka kwa aibu, akasema, "Pasta, yamekwisha." Lakini mimi nilihitaji kusema.

YEYE ALIYETUTANGULIA

Mwisho wa yote, wapendwa, kwa nini tufanye hivi? Kwa sababu sisi wenyewe tulifuatwa. Injili ya Yohana, sura ya kwanza, inatuambia kwamba Neno alikuja akakaa kwetu, na kwamba hata walio wake hawakumpokea. Hakutuangalia kutoka juu akatutakia heri. Alishuka mpaka kwenye vumbi letu, akiwa mtoto alikimbizwa Misri usiku pamoja na wazazi wake, na mwisho, kama Waebrania 13 inavyosema, aliteswa nje ya lango. Waraka ule unatuita tumwendee huko nje ya kambi alipo. Maneno hayo, nje ya kambi, sisi tunayaelewa kwa miguu. Basi tukiwa tunamtafuta Yesu tusishangae tukimkuta nyuma ya goli katika uwanja wa watu, ameketi na wale wanaotukanwa.

Timu ya kijana wetu haikupanda daraja. Ilimaliza karibu na mwisho. Lakini kijana anakuja kanisani, na mara nyingine analeta na nahodha wake. Msimu mpya umeanza, na mechi ya kwanza ya ugenini ni Tororo. Jumapili iliyopita mama yake alisimama wakati wa matangazo akauliza tena lile swali lake, sasa akitabasamu, "Nani atakwenda naye Tororo?"

Jina la kwanza kwenye daftari ni langu. Zimebaki nafasi 13.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Wiki hii ni nani katika jirani zetu anayekwenda ugenini?
2. Ni lini mtu alikufuata wewe mahali pagumu? Wasimulie watoto wako.
3. Je, kuna mtu tunayemwombea tu, ambaye tungeweza kumtafuta?

TUOMBE

Bwana Yesu, ulitufuata tulipokuwa mbali. Utusamehe kwa siku tulizobaki Efeso. Wakumbuke wanao walioko mahakamani, hospitalini, njiani na kwenye foleni, wasio na mtu. Utupe nauli, utupe miguu, na utupe moyo usioona haya. Ukawarehemu watu wa Mbale na watu wa Jinja, wenyeji wetu. Amina.

Nawasalimu nyumba kwa nyumba. Salamu kwa kwaya na kwa akina mama wa maombi ya alfajiri. Mkituma mtu kuja huku Jinja kwa shida yoyote, tupeni habari mapema, tutakuwa kituoni.

Mchungaji wenu, Wanyange.